Kwa nini 47 ÷ 6 si "6 baki 11"?

SWALI: Mwanangu yuko darasa la nne. Kwenye zoezi la kugawanya aliandika 47 ÷ 6 = 6 baki 11, mwalimu akamkosesha. Mtoto akaniuliza, "Mama, sita mara sita ni thelathini na sita, ongeza kumi na moja unapata arobaini na saba. Sasa kosa liko wapi?" Nikakosa la kumwambia. Nikafungua kikokotoo cha simu, kikaniletea 7.8333333. Mwalimu anasema jibu ni 7 baki 5. Hesabu moja, majibu matatu. Lipi ni sahihi, na nimweleweshe vipi mtoto?
(Mama wa mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Mama, jibu la mwalimu na jibu la simu yote mawili ni sahihi, ila yanajibu maswali mawili tofauti, nitafika huko. Jibu la mwanao halijakamilika. Nasema halijakamilika kwa makusudi, kwa sababu hoja aliyokupa ni hoja ya mtoto anayefikiri. Amehakiki jibu lake kwa kuzidisha na kujumlisha, kazi ambayo watoto wengi hawaifanyi hata wakibembelezwa. Kwa hiyo kabla hujamrekebisha, anza kwa kumwambia kwamba kuzidisha kwake kuko sawa: 6 × 6 + 11 ni 47 kweli. Kuna sharti moja tu ambalo bado hajalijua, na kalamu nyekundu peke yake haiwezi kumfundisha sharti hilo.

Mfundishe kwa vitu vya kushika. Tafuta nyanya, maharage au kokoto 47. Mwambie apange mafungu ya sita sita, kama wanavyopanga nyanya sokoni. Akifika mafungu sita atakuwa ametumia 36, na pembeni zitakuwa zimebaki 11. Hapo ndipo alipoacha kwenye daftari. Mwulize swali moja tu: "Hizo zilizobaki hazitoshi fungu jingine?" Usimjibie, mwache ahesabu mwenyewe. Ataona zinatosha, atapanga fungu la saba, na pembeni zitabaki tano. Mwulize tena swali lile lile. Safari hii hazitoshi. Hapo ndipo hesabu ilipoisha, na hapo ndipo lilipo jibu la mwalimu: mafungu 7, baki 5.

Kwa hiyo baki si chochote kilichosalia pale mtu alipoamua kuacha kupanga. Baki ni kile ambacho hakitoshi tena kufanya fungu. Ukigawanya kwa 6, baki inaweza kuwa 0, 1, 2, 3, 4 au 5, basi. Ikifika 6 limeshakuwa fungu. Ikiwa 11, ndani yake kuna fungu zima na nyanya tano juu. Ndiyo maana walimu tunasema baki lazima iwe ndogo kuliko kigawanyo. Watoto wengi wanaikariri kanuni hiyo bila kuona inakotoka, na mtoto aliyeikariri tu atakusahaulia siku ya mtihani.

Mwanao anaweza kuendelea kubisha, na ningefurahi akibisha: "Lakini si nimehakiki?" Mwonyeshe kwamba kuhakiki kwa kuzidisha na kujumlisha peke yake hakutoshi, kwa sababu majibu mengi yanapita. 5 baki 17 inapita: 5 × 6 + 17 = 47. 4 baki 23 inapita. Hata 0 baki 47 inapita, na huyo hajagawanya kitu! Kama yote hayo tungeyapokea, swali "47 kugawanya kwa 6" lisingekuwa na jibu. Kila mtu angetoa lake na wote wangekuwa sawa. Sharti la baki ndilo linaloyakata yote hayo na kuacha jibu moja. Kwa hiyo mpe utaratibu wa kuhakiki wenye hatua mbili. Kwanza: jibu mara kigawanyo, ongeza baki, je, narudi kwenye namba niliyoanza nayo? Pili: je, baki ni ndogo kuliko kigawanyo? Alifanya ya kwanza, akasahau ya pili.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalowachanganya watoto wengi kuliko kanuni yenyewe, na halisemwi vya kutosha darasani. Kugawanya kuna sura mbili. Sura ya kwanza ni ile tuliyofanya: nina nyanya 47, kila fungu lina nyanya 6, nitapata mafungu mangapi? Sura ya pili: nina nyanya 47, nazigawa kwa watu 6 sawasawa, kila mmoja atapata ngapi? Kwenye daftari zote mbili zinaandikwa 47 ÷ 6 = 7 baki 5. Lakini ile 7 si kitu kimoja. Kwenye sura ya kwanza 7 ni mafungu. Kwenye sura ya pili 7 ni nyanya za mtu mmoja. Kazi ya mikono nayo ni tofauti: kwenye ya kwanza unahesabu sita unaweka kando, unahesabu sita tena unaweka kando, kwenye ya pili unazunguka, moja yako, moja yako, moja yako, hadi mzunguko usitimie.

Angalia baki sasa. Kwenye sura zote mbili baki ni nyanya tano. Haibadiliki. Baki siku zote ni ya kile kinachogawanywa: ukigawanya nyanya, baki ni nyanya, ukigawanya shilingi, baki ni shilingi, ukigawanya siku, baki ni siku. Mtoto akilishika hilo, nusu ya makosa ya maswali ya maneno yanaondoka. Akiandika jibu, mtake aseme kwa mdomo: "mafungu saba, nyanya tano zimebaki." Asiseme "saba baki tano" halafu akanyamaza. Namba tupu ndizo zinazompoteza.

Ukitaka kuona jinsi "baki" ilivyofungwa na kigawanyo chake, tazama hesabu hizi mbili: 17 ÷ 5 = 3 baki 2, na 11 ÷ 3 = 3 baki 2. Majibu yanafanana herufi kwa herufi. Je, 17 kugawanya kwa 5 ni sawa na 11 kugawanya kwa 3? Hapana. Vitu viwili vilivyosalia kwa watu watano si sawa na vitu viwili vilivyosalia kwa watu watatu. Hao watatu wamekaribia zaidi kupata kimoja kingine kila mtu. Kwa hiyo "3 baki 2" haijitegemei kama namba 3 au namba 40. Ni taarifa mbili zilizoandikwa pamoja, na ili zieleweke lazima ujue uligawanya kwa ngapi.

Hapo ndipo simu inapoingia. Kikokotoo hakikuulizwa "mafungu mazima mangapi na kinasalia nini". Chenyewe hakikubali kusaza kitu. Kinaendelea kuvunja kilichobaki vipande vidogo na kukigawa nacho. Ili ukione hicho kikitendeka, chukua pesa.

Watu wanne wanagawana shilingi 73,000: noti saba za elfu kumi na noti tatu za elfu moja. Kila mmoja anachukua noti moja ya elfu kumi, zinabaki tatu. Tatu hazitoshi watu wanne, na noti haichanwi. Mnafanyaje? Mnachenji. Zile noti tatu za elfu kumi zinakuwa noti 30 za elfu moja, mnazichanganya na zile tatu za mwanzo, zinakuwa 33. Kila mmoja anapata nane, inabaki noti moja. Mnaichenji, sarafu kumi za mia. Kila mmoja mbili, zinabaki mbili. Shilingi mia mbili hizo mnazichenji sarafu nne za hamsini, kila mmoja moja, na hapo hakuna kilichobaki. Kila mtu ameondoka na 18,250.

Huo ndio mgawanyo wa njia ndefu wote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwalimu anaposema "shusha 3" mtoto anaona tarakimu inashuka tu kama imeanguka. Kumbe zile noti tatu za elfu moja zinaungana na 30 zilizotoka kwenye kuchenji. Kila hatua ya njia ndefu ina baki yake ndogo, na baki hiyo haitupwi. Inavunjwa kwenda nafasi inayofuata, maelfu kuwa mamia, mamia kuwa makumi, makumi kuwa mamoja. Ikifika kwenye mamoja na bado ipo, una njia mbili. Unaweza kusimama na kuandika "baki", au unaweza kuendelea kuchenji chini ya mamoja, kwenye sehemu za kumi na sehemu za mia, ukaweka nukta. Mwalimu wa darasa la nne anasimama. Simu inaendelea.

Tuendelee nayo basi kwenye 47 ÷ 6. Saba nzima, baki 5. Nzima tano ni sawa na sehemu za kumi 50. Hamsini kwa sita ni 8, baki 2. Sehemu za kumi mbili ni sawa na sehemu za mia 20. Ishirini kwa sita ni 3, baki 2. Mbili tena! Unachenji, 20, unapata 3, baki 2. Unachenji tena, 3, baki 2. Haitakwisha kesho wala keshokutwa. Ndiyo ile 7.8333333 uliyoiona, simu ilikata kwa sababu nafasi ya kuandikia iliisha. Na hapa kuna jambo zuri ambalo mwanao atalipenda akiwa mkubwa kidogo: ukigawanya kwa 6, baki za kuchezea ni sita tu, kuanzia 0 hadi 5. Kwa hiyo ukiendelea kuchenji, ama utafika kwenye 0 na kumaliza, ama utaangukia baki uliyokwishaipata na kuanza kuzunguka. Hakuna njia ya tatu. Jaribu 1 ÷ 7 kwa mkono: baki zinakwenda 3, 2, 6, 4, 5, 1, kisha zinaanza upya, na tarakimu 142857 zinajirudia bila mwisho. Baki zote sita zimepita, moja moja, kabla ya kurudi nyumbani.

Mtahadharishe mwanao na kosa moja: 7 baki 5 haiandikwi 7.5. Nimeliona mara nyingi sana, hata kwa watu wazima. Nukta tano ni nusu. Nyanya tano kati ya sita si nusu ya fungu, ni fungu lililopungukiwa nyanya moja. Kwa sehemu inaandikwa 7 na 5/6, na 5/6 ndiyo hiyo 0.8333333. Ukitaka kutoka kwenye jibu la simu urudi kwenye baki, usihangaike na zile desimali. Chukua namba nzima tu, 7, zidisha kwa 6 upate 42, toa kwenye 47. Tano.

Kwa kuwa tumegusa njia ndefu, kuna sifuri moja ambayo inawaangusha watoto wa darasa la nne na la tano kila mwaka. 1,834 ÷ 6. Elfu moja haitoshi sita, tunaichenji, pamoja na yale mamia nane inakuwa mamia 18. Kwa sita ni 3, hakuna baki. Tunashusha makumi 3. Makumi matatu hayatoshi sita, kwa hiyo kila mmoja anapata makumi sifuri, na hiyo sifuri lazima iandikwe. Makumi matatu yanakuwa mamoja 30, na yale manne ni 34. Kwa sita ni 5, baki 4. Jibu 305 baki 4. Mtoto anayeruka sifuri anaandika 35 baki 4, na baki yake ni sahihi kabisa, ndiyo maana haoni kosa. Hatua ya kwanza ya kuhakiki ndiyo inayomkamata: 35 × 6 + 4 ni 214, mbali sana na 1,834.

Sifuri nyingine ya hatari ni ile ya kukata. Watoto wanafundishwa kwamba 170 ÷ 50 unaweza kukata sifuri pande zote na kubaki na 17 ÷ 5. Ni kweli, jibu ni 3. Lakini baki si 2, ni 20. Ulipokata sifuri uliacha kuhesabu mamoja ukaanza kuhesabu makumi, kwa hiyo baki 2 ni makumi mawili. Ukikumbuka kwamba baki ni ya kile kinachogawanywa, hutadanganyika.

Na kama namba ni ndogo kuliko kigawanyo, mfano 5 ÷ 8? Wengi wanasema haiwezekani. Inawezekana: 0 baki 5. Hakuna fungu lililotimia, nyanya zote tano ziko pembeni.

Sasa, mtoto akishajua kuipata baki, bado hajamaliza. Anatakiwa ajue aifanyie nini, na hilo hakuna kanuni ya kukariri; lazima asome swali. Kuna swali mashuhuri lililowahi kutolewa kwenye upimaji wa kitaifa wa Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa wanafunzi wa miaka 13. Basi la jeshi linabeba wanajeshi 36. Wanajeshi 1,128 wanasafirishwa kwa basi. Yanahitajika mabasi mangapi? Kama asilimia 70 ya wanafunzi waligawanya sawasawa. Lakini asilimia 29 waliandika kwamba yanahitajika mabasi "31 baki 12". Asilimia 18 waliandika 31. Waliojibu 32, ambalo ndilo jibu, walikuwa asilimia 23 tu. Hebu lifikirie hilo la mabasi 31 baki 12. Hesabu ni safi, 31 × 36 + 12 ni 1,128, na baki ni ndogo kuliko kigawanyo; hatua zote mbili za kuhakiki zinapita. Ila hakuna kitu kinachoitwa mabasi 31 baki 12. Wale 12 ni wanajeshi, wamesimama wanasubiri usafiri.

Kwa hiyo mpe mwanao maswali yenye hesabu ile ile moja lakini majibu tofauti, na uyajadili naye. Mayai 47 yanawekwa kwenye vifungashio vya sita sita. Vifungashio vinavyojaa ni vingapi? Saba. Ili hakuna yai linalobaki nje, unahitaji vifungashio vingapi? Nane. Ukiuza vilivyojaa tu, mayai mangapi yanabaki kwa ajili ya chai ya asubuhi? Matano. Kamba ya mita 47 ikikatwa vipande sita sawasawa, kila kipande kina urefu gani? Hapa hatuna sababu ya kuacha baki, kamba inakatika, kwa hiyo ni mita 7 na 5/6, na jibu la simu ndilo linalofaa. Hesabu moja, majibu manne: 7, 8, 5, na 7 na 5/6. Yote ni sahihi, kila moja kwa swali lake. Nadhani sasa unaona kwa nini sikutaka kusema simu inamkosoa mwalimu.

Jibu la tatu hapo, lile la 5, linahitaji neno la ziada, kwa sababu watoto wanadhani baki ni masalia yasiyo na maana, kitu cha kuandika kwa herufi ndogo pembeni. Kuna maswali ambayo baki ndiyo jibu, na ile namba kubwa ndiyo inayotupwa. Siku za juma ni hivyo. Leo Jumanne, baada ya siku 100 itakuwa siku gani? 100 ÷ 7 = 14 baki 2. Majuma 14 yote yanakurudisha Jumanne, hayana habari kwako. Zile siku mbili ndizo zinazokusogeza hadi Alhamisi.

Mpe hesabu hizo kwa tarehe anazozijua, atachangamka. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa tarehe 12 Januari 1964, siku ya Jumapili. Muungano ukawa tarehe 26 Aprili mwaka huo huo. Ilikuwa siku gani? Januari zimebaki siku 19, Februari 29 kwa sababu 1964 ulikuwa mwaka mrefu, Machi 31, Aprili 26. Jumla 105. Gawanya kwa 7: 15, baki 0. Haikusogea hata siku moja. Ilikuwa Jumapili pia. Halafu mwulize kwa nini tarehe ya kuzaliwa kwake inasogea siku moja ya juma kila mwaka. 365 ÷ 7 = 52 baki 1, basi. Mwaka mrefu una 366, baki 2, kwa hiyo inaruka siku mbili. Tanganyika ilipata uhuru Jumamosi, 9 Desemba 1961. Mwaka uliofuata tarehe hiyo ikawa Jumapili, 1963 Jumatatu, na 1964 ikaruka hadi Jumatano.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na hesabu yao ya mwaka wa jua, unaoanzia Siku ya Mwaka, ile inayosherehekewa Makunduchi kwa jina la Mwaka Kogwa. Siku 365 zilihesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, na kwa miongo hiyo mabaharia na wakulima walijua majira ya pepo na ya mvua. 365 kwa 10 ni miongo 36 na siku tano juu. Baki ile ile tuliyoanza nayo kwenye nyanya.

Turudi nyumbani kwako. Kama mna bao, una kifaa kizuri cha kufundishia kuliko chochote cha dukani: kete 64. Mwambie agawanye 64 kwa 2, kwa 3, kwa 4, akienda mbele hadi 12, na aandike baki tu kwenye mstari mmoja. Atapata 0, 1, 0, 4, 4, 1, 0, 1, 4, 9, 4. Mwache aangalie mwenyewe zile sifuri ziko wapi, na kwa nini kwenye 11 baki imekuwa kubwa hivyo wakati kwenye 9 ni 1. Usimweleze. Mtoto aliyekubishia kwa hoja ya 6 baki 11 atakuja na maelezo yake. Kama hamna bao, maharage yanafaa; ila muda ukiwa mfupi usimpe zaidi ya 50, atachoka kuhesabu kabla hajafika kwenye kugawanya.

Vifaa usimwachie muda mrefu. Akishaona mafungu, mfundishe kukisia kwa jedwali la kuzidisha: ni sita mara ngapi inakaribia 47 bila kuipita? 42, hiyo ni saba. 48 imepita. Nashuku ndipo mwanao alipokwama: alifika sita mara sita, jambo analolijua vizuri, akasimama hapo. Jedwali la sita na la saba mara nyingi ndiyo magumu kwa watoto. Kama ni hivyo, dawa si kurudia somo la baki, ni kuimarisha jedwali la kuzidisha kwanza, hasa kuanzia 6 × 6 hadi 9 × 9.

Kuhusu mwalimu, nenda na daftari kwa upole. Usiende kudai alama. Mweleze kwamba mtoto alihakiki kwa 6 × 6 + 11, na kwamba sasa ameelewa sharti la pili. Mwalimu akijua mtoto alifikaje kwenye 11 atajua pia nani mwingine darasani ana shida hiyo hiyo, maana mara nyingi si mmoja.

Kisha kabla hujafunga daftari mpe hizi tano, azifanye bila simu na ahakiki kwa hatua zote mbili: 58 ÷ 7, 90 ÷ 8, 6 ÷ 9, 412 ÷ 4, na 2,430 ÷ 8. Majibu ni 8 baki 2. 11 baki 2. 0 baki 6. 103 bila baki. Na 303 baki 6. Akikosa ya nne au ya tano, tazama kwanza kama ameruka ile sifuri ya katikati.